Cité Zetu za Lubumbashi: Namna Zilivyojengwa, Zilivyoumia na Zinavyosimama Tena



Katika siku hizi za shukrani wengine wataeleza historia ya mapadri, ya masista na ya majengo. Sisi wakatekista tumeombwa kuandika juu ya watu wenyewe: walitoka wapi, kwa nini walikuja kukaa pamoja, waligombana kwa sababu gani, na nguvu gani iliwasimamisha tena. Kanisa letu lilijengwa katikati ya cité, na asiyejua historia ya cité hawezi kujua kwa nini tunamushukuru Mungu leo.

I. Reli na shaba

Mbele ya mwaka 1910 hapakuwa na muji hapa. Palikuwa na pori la miombo, muto Lubumbashi, na vijiji vya watu ambao tangu zamani walijua kuyeyusha shaba katika tanuru za udongo. Walitengeneza misalaba midogo ya shaba, iliyopita mukono kwa mukono kama feza na kulipiwa mahari.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka Rhodesia ilifika, barabara zikapimwa kwa kamba, na muji ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilitiririka katika tanuru kubwa kando ya muto. Injili nayo haikuchelewa: Wabenedikto wa Saint-André walifika mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, na mwaka 1911 wakafika Wasalesiani wa Don Bosco.

Lakini nani angefanya kazi? Watu wa karibu walikuwa wachache, tena hawakutaka kuacha mashamba yao. Mwaka 1910 ikaundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga. Wakaja watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Nyasaland, inchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Wakaja watu wa Luapula, wa Lomami, wa Maniema, wa Kasai. Tangu mwaka 1925 wakaletwa wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ya Bukama ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, na njia ya Kasai ikafunguka wazi.

Mara ya kwanza walikuja wanaume peke yao kwa miezi michache, na wengi walikufa kwa magonjwa. Ndiyo sababu, karibu na mwaka 1928, kampuni ilibadili mupango wake, ikataka mufanyakazi aje na bibi yake na watoto, akae myaka mingi. Kampuni ilitafuta faida yake. Hata hivyo, kwa mupango ule watoto wa kabila mbalimbali walianza kuzaliwa hapa, na hapa pakawa kwao.

II. Kambi na cité

Wageni wetu wajue kwamba kambi na cité si kitu kimoja. Katika kambi, nyumba, posho, hospitali na masomo vilikuwa mukononi mwa kampuni. Siku ulipofukuzwa kazi, ulitoka na muzigo wako. Katika cité mutu alikaa katika lupango lake. Alikuwa mukalani, fundi wa nguo, mucuuzi, boyi wa muzungu, mutu wa reli. Alikosa posho, lakini alikuwa na mulango wake.

Cité ya Kamalondo, iliyoitwa wakati ule cité Albert, ilianzishwa mwaka 1921. Kati yake na muji wa wazungu wakaacha uwanja mutupu. Walisema ni kwa ajili ya afya, ili magonjwa yasivuke. Kweli uwanja ule ulitenga watu na watu, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuuvuka bila karatasi. Kamalondo ilipojaa, ikazaliwa Kenya, mwaka 1929. Mwaka 1932 cité ikapewa kuwa Centre Extra-Coutumier, maana yake mahali pa watu walio nje ya utawala wa wafalme wao wa asili, yenye mukubwa wake, baraza lake na tribinali yake. Katika tribinali ile wazee walipaswa kukata maneno ya mume wa desturi moja na muke wa desturi nyingine. Hapakuwa na kitabu cha kuwaongoza, wakatafuta haki iliyoweza kukubaliwa na pande zote mbili.

Nyuma ya vita vya 1940–1945 watu waliongezeka sana. Katuba ikafunguliwa, kisha Ruashi, katika myaka ya 1950. Namna ya kujenga ilikuwa mupya: utawala ulimukopesha mwenyeji vifaa, naye alijenga mwenyewe ao pamoja na fundi, kisha alilipa kidogo kidogo. Nyumba nyingi za matofali tunazolala ndani yake leo ni za wakati ule.

Pamoja na nyumba wazee walijenga luga. Kiswahili kilifika hapa pamoja na wasafiri wa mashariki, kampuni ikakitumia kwa kazi, lakini wenyeji wa cité ndio waliokigeuza kuwa chao, wakitia ndani maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa. Hakuna kabila lililoweza kusema: luga hii ni yangu peke yangu. Kwa luga hii tulifundishwa katekisimu na kwa luga hii tunaungama. Mwaka 1965 watumishi wa nyumba wa muji huu waliandika kwa luga hii historia yao wenyewe, kitabu kidogo kilichotungwa na André Yav. Watu waliodharauliwa kuwa maboyi walikuwa kati ya wa kwanza kuandika historia ya muji.

Tusisahau pia damu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara wa kutosha, kwa sababu bei ya vitu ilipanda wakati wa vita. Walikusanyika katika uwanja wa mupira, na askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyewaongoza. Walikuwa wa kabila nyingi, wakalilia jambo moja.

III. Kutengana kwa kwanza

Mwezi wa Desemba 1957, kwa mara ya kwanza, watu wa cité walipiga kura kuchagua wakubwa wa komini zao. Waliochaguliwa, wengi walikuwa na asili nje ya Katanga. Jambo hili liliwauma wenye asili ya hapa, wakasema: wageni watatutawala kwetu. Mwezi wa Oktoba 1958 kikazaliwa chama cha CONAKAT. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu nyuma ya uhuru, Katanga ilijitenga na Kongo, na utengano ule ulidumu hata Januari 1963.

Mwaka 1961 Waluba makumi elfu walikimbia kutoka cité zetu, wakakaa katika kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, pembeni ya muji. Mwaka 1962 wengi wao walipelekwa Kasai, inchi ambayo watoto wao hawakuiona bado. Amani iliporudi, wengi walirudi pia, wakagonga milango ya jirani zao wa zamani. Mwaka 1966 muji ukaitwa Lubumbashi. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikachukuliwa na Serikali, na kampuni mupya ikaitwa nyuma Gécamines. Mwaka ule ule wa 1967, na tena 1968, timu ya Englebert, ambayo leo ni Mazembe, ilikuwa bingwa wa Afrika. Wazee wanatuambia kwamba siku zile katika Kamalondo hakuna aliyemuuliza jirani yake kabila.

IV. Kutengana kwa pili

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwezi wa Septemba 1990 shimo kubwa la Kamoto, karibu na Kolwezi, lilibomoka. Mashini zilizeeka, feza za kampuni ziliibwa, na mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Posho ilikatika na mishahara ikachelewa miezi na miezi.

Njaa ilipoingia nyumbani, ubaya ulipata njia. Tangu mwaka 1992 hata 1993, katika Likasi na Kolwezi zaidi ya yote, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na katika kazi, wakalala siku nyingi katika gare wakingojea treni, na watoto na wazee wengi walikufa njiani. Katika Lubumbashi moto haukuwaka sana namna ile, lakini hofu ilifika. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa watoto wa masomo ya musingi. Tuliona viti vya wenzetu vikibaki bila mutu. Mwalimu alisoma majina, akafika jina la aliyekwenda, akanyamaza kidogo, akaendelea.

Katika mutaa wetu jirani wawili waliondoka juma moja. Wa kwanza aliacha ufunguo wa lupango lake kwa mujane Mubemba wa upande wa pili wa barabara. Mujane yule alifagia kiwanja, akalipa kodi, akakataa feza za watu waliotaka kununua, na nyuma ya myaka saba akarudisha ufunguo ule ule. Wa pili naye aliacha ufunguo kwa rafiki. Aliporudi alikuta jina lingine katika karatasi za lupango. Hatutaji majina. Tunasema tu kwamba rafiki yule alikuwa mutu wa sala pamoja nasi, na kwamba sisi wote tulijua, tukanyamaza. Jubilei ni wakati wa kusema ukweli: zambi ile si ya mutu mumoja.

V. Kusimama tena

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mupango ulioitwa départ volontaire. Wengi walipokea feza zilizokwisha katika miezi michache, wakarudi kukaa kimya mbele ya nyumba. Mutu angeweza kufikiri kwamba cité zetu zimekufa.

Hazikufa, na wa kwanza kuziinua walikuwa wamama. Walikwenda kutafuta bunga kwenye mupaka wa Zambia, wakauza makala, samaki na lengalenga mbele ya lupango, wakaweka likelemba: kila juma kila mumoja anatoa kidogo, na mumoja anapokea yote. Kwa feza hizi mabati ya nyumba yalibadilishwa na watoto walivaa viatu vya masomo. Tangu mwanzo wa myaka ya 1990 wazazi ndio waliolipa walimu, wakati Serikali haikuwalipa vizuri, hata mwaka 2019 ilipotangaza kwamba masomo ya musingi ni bila malipo.

Wa pili walikuwa mashirika, yaani jumuiya ndogo za wakristu katika mitaa. Shirika halichagui kabila, linachagua barabara: walio karibu wanasali pamoja. Katika shirika moja la kwetu Mulunda anasoma Neno, Muluba anaongoza wimbo, Mubemba anahesabu sadaka, Mukusu anatembelea wagonjwa. Wakati wa kilio hakuna anayengoja watu wa kabila la marehemu wafike kutoka mbali. Shirika linaleta maji, kuni na bunga siku ile ile.

Wa tatu walikuwa watu wa kumbukumbu. Tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, walikusanya maneno, picha na vyombo vya nyumbani vya wenyeji wa cité, wakavionyesha kwa watu wote. Muzee aliyefikiri kwamba maisha yake ni bure alikuta jembe na sahani kama zake zikiheshimiwa. Tangu 2008 vijana wasanii nao wanaleta hapa, kila nyuma ya myaka miwili ao zaidi, maonyesho yanayojulikana hata ngambo.

VI. Kazi iliyobaki

Nyuma ya sheria ya madini ya mwaka 2002 makampuni mapya yalikuja, mashimo ya Ruashi yakafunguliwa tena, na lori zilijaa barabarani. Feza zilirudi, lakini si katika kila nyumba, na bei ya lupango ikapanda. Tena, nyuma ya vita vilivyoanza Kasai mwaka 2016, treni zimeleta kwetu vijana wengi wanaotafuta maisha, na maneno ya mwaka 1992 yamesikika tena katika soko na katika taxi: hawa wanatoka wapi? watakwenda lini?

Wapendwa, sisi tunaojua historia hii hatuna ruhusa ya kuuliza namna ile. Babu ya kila mumoja wetu alishuka siku moja katika treni, ao alikuta watu wakishuka. Wenye asili ya hapa walipoteza pori na mito yao kwa ajili ya muji huu, nao wana haki ya kuheshimiwa na kusikilizwa. Waliofika nyuma waliujenga kwa jasho lao, nao wana haki ya kulala bila hofu. Haki hizi mbili haziwezi kushindana kama tunakaa baraza moja na kusemezana kabla ya hasira.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja kwa heshima ya jubilei. Kila shirika lichague wazee wawili wa kupatanisha maneno ya malupango yaliyobaki tangu 1993, mbele ya mapadri wetu, bila kelele. Mutu aliye na ufunguo wa mwenzake aurudishe wakati wenye lupango ao watoto wao wangali wazima.

Mwenyezi Mungu awapumzishe wote waliokufa katika mashimo, katika uwanja wa mupira wa 1941, na katika treni za 1993. Atupe sisi tuliobaki moyo wa yule mujane wa mutaa wetu. Amina.