Mfuko wa Mateka: Historia ya Mabaharia wa Hamburg

Mji wa Hamburg, uliojengwa kando ya Mto Elbe nchini Ujerumani, kiasi cha kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, uliishi kwa vyombo vyake, na kwa sababu hiyo ulipambana na maharamia tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 15 ulimnasa na kumkata kichwa Klaus Störtebeker, aliyekuwa akipora merikebu za Hanse, yaani shirikisho la miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya. Habari zake zimesimuliwa mno, ilhali historia yenye uzito zaidi ni ile ya karne ya 17, ambayo mashujaa wake wengi hawajulikani hata kwa majina.

Wakati huo merikebu za Hamburg zilipeleka nafaka na mbao Hispania na Ureno, zikarudi na chumvi, mvinyo na sukari. Katika njia hiyo ziliviziwa na maharamia wa miji ya Afrika Kaskazini ya Algiers, Tunis, Tripoli na Salé, waliochukua shehena pamoja na watu, kwa kuwa mateka aliuzwa utumwani au alishikiliwa hadi ndugu zake walipe komboleo. Na haki yataka isemwe kwamba katika zama hizohizo mateka Waislamu nao walipigishwa makasia katika vyombo vya Malta na Hispania.

Wa kwanza kuchukua hatua walikuwa wanabahari wenyewe, ambao mwaka 1622 walianzisha mfuko wa kuwakomboa wenzao, ukaitwa kwa jina la reale za Kihispania zilizotumika katika malipo. Mchango wake, hata hivyo, uliwezekana zaidi kwa manahodha na wasaidizi wao kuliko kwa baharia wa kawaida. Mwaka 1623 mji uliunda Admiralty, baraza la kusimamia mambo ya bahari, na mwaka uliofuata baraza hilo likafungua Mfuko wa Watumwa, ambamo kila baharia alichangia kwa kadiri ya cheo chake, wenye vyombo nao wakatoa fungu lao, na sadaka zikakusanywa makanisani. Mfuko huo unastahili kuhesabiwa miongoni mwa bima za kwanza za wafanyakazi barani Ulaya.

Manowari zilikuja baadaye. Mwaka 1668 na 1669 zilishushwa majini Leopoldus Primus na Wappen von Hamburg, kila moja ikiwa na mizinga 54, ili kuongoza misafara ya merikebu za biashara. Nahodha mashuhuri wa manowari hizo, Berend Jacobsen Karpfanger, alifia Cádiz mwaka 1683, pamoja na zaidi ya watu 60, Wappen von Hamburg ilipoteketea kwa moto bandarini.

Ulinzi huo ulikuwa ghali na haukutosha, ndiyo maana mwaka 1751 Hamburg ilifanya mkataba wa amani na Algiers. Hispania, iliyokuwa adui wa Algiers, ilijibu kwa kupiga marufuku biashara na Hamburg, na mwaka 1752 mji ukauvunja mkataba huo. Kwa uamuzi huo wafanyabiashara waliponya soko lao, na gharama yake wakabebeshwa mabaharia, walioendelea kusafiri bila amani na kukatwa mishahara yao kwa ajili ya mfuko.