Volkeno za tope za Mariana zatoa miamba kutoka vilindi vya dunia

Magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kati ya Mfereji wa Mariana na visiwa vya volkeno vyenye jina hilohilo, ipo milima ya chini ya bahari isiyotoa lava bali tope. Mikubwa miongoni mwake ina upana unaofikia kilomita 50 na kimo cha takriban kilomita 2. Tope hilo hutokana na serpentinaiti, mwamba laini wenye rangi ya kijani unaoteleza ukiguswa.

Chanzo chake ni maji. Bamba la Pasifiki linapozama chini ya Bamba la Bahari ya Ufilipino, hubeba maji yaliyomo katika mashapo na yaliyofungwa ndani ya madini. Joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, nayo hupanda hadi kwenye mantili, yaani tabaka lililo chini ya ganda la dunia, na kuyageuza madini ya olivini kuwa serpentini. Takriban asilimia 13 ya uzito wa serpentini ni maji. Mwamba huvimba, na uzito wake hushuka kutoka karibu gramu 3.3 hadi 2.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Ukishasagwa katika nyufa, hupanda kwa wepesi wake hadi sakafu ya bahari.

Tope hilo halipandi peke yake. Mtafiti Patricia Fryer wa Chuo Kikuu cha Hawaii na wenzake walieleza mwaka 1999 kuwa ndani yake mna vipande vidogo vya skisti ya buluu, mwamba unaoumbika penye mgandamizo mkubwa na joto la chini kiasi. Vipande hivyo, vingi vikiwa vidogo kama changarawe, vilitoka kina cha kilomita 16 hadi 20, ambako hakuna mtambo wa kuchoronga uliowahi kufika.

Kati ya Desemba 2016 na Februari 2017, meli ya JOIDES Resolution ilichoronga milima mitatu ya aina hiyo. Maji yanayochujuka katika baadhi ya milima hii yana pH inayofikia 12.5, ukali unaokaribia ule wa maji ya chokaa, na bado vimelea hai huishi humo kwa kutumia haidrojeni na methani.

Umuhimu wa tafiti hizi unahusu pia usalama wa watu. Maji na madini laini huathiri jinsi mabamba mawili yanavyoteleza au kukwama, na mabamba yaliyokwama yanapoachana kwa ghafla hutokea matetemeko makubwa. Mariana haina kumbukumbu ya tetemeko la ukubwa wa 9. Sumatra ilipatwa na la ukubwa wa 9.1 tarehe 26 Desemba 2004, na mawimbi yake yakavuka Bahari ya Hindi na kuua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Serpentini ni sehemu tu ya maelezo ya tofauti hiyo, wala haitoshi kutabiri siku ya tetemeko.

Tanzania nayo ina miamba ya asili hiyo, ingawa ni ya kale mno. Katika Ukanda wa Usagara kuna ekilojaiti, mwamba wa mgandamizo mkubwa zaidi, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Wanajiolojia walioichunguza waliitangaza mwaka 1995 kuwa ushahidi kwamba bamba la bahari liliwahi kuzama mahali ambapo leo ni bara.