Historia ya Kidakuzi na Mpangilio wa Siku ya Kwanza

Katikati ya mwaka 1994, mhandisi wa miaka 23 aitwaye Lou Montulli alikabidhiwa kazi katika kampuni changa ya California ambayo baadaye ilivuma kwa jina la Netscape. Mteja wao, kampuni ya simu ya MCI, alitaka kuuza bidhaa kwenye wavuti bila kulazimika kutunza kumbukumbu za kila mnunuzi katika seva zake.

Wavuti wa wakati huo haukukumbuka mtu. Kila ukurasa uliofunguliwa ulikuwa ombi jipya, na seva ilikuwa kama muuza duka anayekusahau kila unapogeuza shingo. Ulitia kitabu kikapuni, ukahamia ukurasa wa pili, na kikapu hakikuwa na mwenyewe.

Njia nyepesi ilikuwa kukipa kila kivinjari namba ya kudumu inayoonekana na tovuti zote. Montulli aliikataa, kwa kuwa aliona tovuti zingeweza kulinganisha namba hizo na kumfuata mtu kokote aendako. Badala yake akabuni kidakuzi: maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka ndani ya kivinjari, na kivinjari huyarudisha kwa tovuti hiyohiyo, si kwa nyingine. Kwa hiyo kifaa tunachokilaumu leo kwa kutupeleleza kilizaliwa na mtu aliyetaka kuzuia upelelezi.

Upenyo ulijitokeza mahali pengine. Ukurasa mmoja wa wavuti unaweza kukusanya vitu vyake kutoka seva nyingi. Msomaji anafungua gazeti: habari zinatoka kwa gazeti, lakini picha ya tangazo inatoka kwenye seva ya kampuni ya matangazo, nayo inaweka kidakuzi chake. Mchana msomaji yuleyule anasoma kuhusu ugonjwa wa kisukari katika tovuti nyingine yenye tangazo la kampuni ileile. Kidakuzi cha asubuhi kinarudi kwa aliyekiweka, kama kanuni inavyotaka, na kampuni sasa inajua kwamba msomaji wa gazeti anaulizia kisukari. Kanuni ya Montulli haijavunjwa. Ila mwenye kidakuzi yupo kila mahali. Kampuni ya DoubleClick ilijengwa juu ya upenyo huo.

Watumiaji hawakuwa wameulizwa. Wengi walijua habari za vidakuzi kwa mara ya kwanza Februari 1996, gazeti la Financial Times lilipoandika juu yake. Mwaka uliofuata, wataalamu wanaotunga kanuni za intaneti walitoa waraka uliopendekeza vidakuzi vya wageni wa aina hiyo vizuiwe tangu mwanzo. Netscape na Microsoft hawakuufuata. Montulli mwenyewe, ambaye jina lake limo katika waraka huo, aliamua viachwe na mtumiaji apewe uwezo wa kuvizima. Hoja yake ilikuwa kwamba vikizuiwa, watangazaji watabuni mbinu za siri ambazo mtumiaji hataweza kuzizima.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2010, shirika la Electronic Frontier Foundation lilipima vivinjari vya watu waliojitolea, likakuta zaidi ya asilimia 80 vinatambulika kwa sifa zao tu, kama aina za herufi zilizomo na ukubwa wa skrini, pasipo kidakuzi chochote.

Hata hivyo, hesabu ya Montulli ilisahau tabia za watu. Uwezo wa kuzima ulikuwepo, lakini wengi hawafungui kabisa ukurasa wa mipangilio. Wanachokikuta siku ya kwanza ndicho wanachoishi nacho, na hapo ndipo vivinjari vilipoachana njia. Kivinjari cha Apple, Safari, kilianza kuzuia vidakuzi vya wageni mwaka 2003. Machi 2008, Google ilikamilisha ununuzi wa DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, Septemba mwaka huohuo ikatoa kivinjari chake, Chrome. Firefox ilianza kuvizuia vidakuzi vya wafuatiliaji kwa kila mtumiaji mwaka 2019. Januari 2020, Google nayo iliahidi kuviondoa ndani ya miaka miwili. Iliahirisha mara kadhaa, mwaka 2024 ikauacha mpango huo, na Aprili 2025 ikatangaza kwamba Chrome itabaki kama ilivyo.

Hali ya faragha, ile namna ya kuvinjari ambayo wengi huitegemea kujificha, nayo ilipimwa mahakamani. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliodhani hali hiyo inawaficha, na mwaka 2024 ikakubali kufuta kumbukumbu nyingi. Hali hiyo haihifadhi kwenye simu yako historia ya kurasa ulizofungua ndani yake. Haizuii tovuti kukuona.

Simu nyingi za Android tunazonunua huja na Chrome ndani yake, kwa hiyo wengi wetu tulichaguliwa kivinjari kabla hatujachagua. Anayetaka kuchagua mwenyewe aulize mambo matatu: kivinjari hiki kinazuia nini kabla sijagusa kitu, je, masasisho yake ya usalama hutoka mara kwa mara, na nani anakilipia? Firefox na Brave huzuia wafuatiliaji tangu mwanzo, ingawa Mozilla, wenye Firefox, hupata sehemu kubwa ya fedha zao kutoka Google. Tor Browser huenda mbali zaidi kwa kuwafanya watumiaji wake wafanane, na gharama yake ni mwendo wa pole. Hakuna kilicho kamili, lakini miaka thelathini imeonyesha kwamba kuchagua kivinjari ni kumchagua atakayekuamulia siku ya kwanza.