Mto Upi Urejeshwe? Kipimo cha Maji Jinja na Mbale tangu 1954

Neno "kurejesha" limezoeleka katika mipango ya mito ya mashariki mwa Uganda, lakini ni nadra kuelezwa ni hali ipi inayorejeshwa. Historia ya Jinja na ya Mbale inatoa majibu yasiyolingana.

Jinja, mji uliopata jina lake kutokana na mawe, ulipoteza mawe hayo. Ujenzi wa Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, uliyazamisha maporomoko ya Ripon. Hata hivyo, mwenendo wake haukufutika. Kwa makubaliano ya Uingereza na Misri, maji yanayoachiliwa bwawani yalitakiwa kulingana na yale ambayo mto ungeyatoa wenyewe kwa kila kina cha Ziwa Viktoria. Mto wa zamani ukabaki katika hesabu. Maji yalipoachiliwa kupita kiasi hicho miaka ya 2004 na 2005, ukame nao ukichangia, ziwa lilishuka. Kosa lilionekana kwa kuwa kipimo kilikuwapo.

Mito ya Mbale haikuwekewa mkataba wa aina hiyo. Namatala na Manafwa hushuka kutoka Mlima Elgon na kutandaa kwenye mafunjo, kisha maji yake hufuata Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, yanakokutana na maji ya Jinja. Katika miaka ya 1970 serikali yenyewe ilianza kuugeuza uwanda wa Manafwa, huko Doho, kuwa mashamba ya mpunga. Kwenye Namatala wakulima wadogo nao walifyeka mafunjo kwa majembe yao. Katiba ya 1995, ibara ya 237, ikaweka ardhi oevu chini ya amana ya serikali. Kilichohimizwa jana kikaitwa uvamizi.

Baada ya mafuriko ya Julai 2022 kuua watu mjini Mbale, wito wa kuwaondoa wakulima ulipata nguvu. Kanuni za mwaka 2000 hutenga ukanda wa hifadhi kutoka ukingoni. Lakini ni ukingo upi, pale mto ulipokwisha kuelekezwa mferejini? Kipimo cha Jinja kilidaiwa na dola iliyo mtoni chini. Aliye chini ya Mbale ni mkulima wa Butaleja, anayepokea tope la Bududa kila masika. Wazee wanaokumbuka mafunjo yalikofika bado wapo, na ushahidi wao unaweza kukusanywa kabla amri ya kuhama haijaandikwa.