Ufafanuzi: Kujifunza dansi ya wawili ukubwani, kutoka Harlem hadi Nakivale

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ina uchungu wake kwa mtu aliyekimbia kwao akiwa mtoto, akakulia Nakivale, kisha akafikia utu uzima bila kuijua rumba ambayo wazazi wake waliicheza Bukavu au Uvira. Je, dansi inaweza kujifunzwa ukubwani, tena mbali na kwao? Historia ya dansi mbili mashuhuri, swingi ya Marekani na rumba ya Kongo, inaonyesha kwamba inawezekana.

Nakivale, iliyoko wilayani Isingiro, jirani na jiji la Mbarara, ni makazi ya wakimbizi ya kale zaidi nchini Uganda. Ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo ina wakazi zaidi ya laki moja, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo.

Dansi ya wawili ni nini?

Ni dansi ambayo watu wawili husikiliza muziki mmoja, wakashikana, mmoja akaongoza na mwingine akafuata. Kiongozi hatoi amri kwa mdomo. Ujumbe hupita mkononi na mgongoni. Anayefuata naye si mzigo wa kukokotwa, kwani hujibu kwa hatua zake mwenyewe.

Swingi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa Harlem, mjini New York, katika miaka ya 1920. Ukumbi wake mashuhuri, Savoy, ulifunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958. Humo weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja, wakati ambapo kumbi nyingi za Marekani ziliwatenganisha. Mtindo uliovuma ni Lindy Hop, ambao hatua zake huhesabiwa kwa mapigo sita au manane. Mmoja wa mabingwa wake, Frankie Manning, baadaye aliacha jukwaa akafanya kazi ya posta kwa takriban miaka 30. Katika miaka ya 1980, akiwa amepita umri wa miaka 70, alirudi kufundisha, na vizazi vipya vya watu wazima vikajifunza kwake hadi Ulaya.

Rumba ilisafiri njia ndefu zaidi. Waafrika waliouzwa utumwani kutoka eneo la Kongo walifika Cuba na ngoma zao. Wengi hulihusisha jina rumba na neno la Kikongo nkumba, yaani kitovu. Katika miaka ya 1930, santuri za muziki wa Cuba zilianza kusikika Léopoldville na Brazzaville, na wasikilizaji wakatambua ndani yake kitu cha kwao. Wanamuziki kama Wendo Kolosoy na Joseph Kabasele, pamoja na bendi ya OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, waliupa muziki huo sura ya Kikongo. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Dansi zote mbili, basi, zina mizizi katika jamii za watu walioondolewa kwao kwa nguvu. Anayeicheza rumba Nakivale anaendeleza safari iliyoanza zamani.

Jinsi ya kuanza

Mwalimu wa karibu huenda ni mzee wa jirani aliyecheza ujanani. Uwanja wenye ardhi ngumu, redio au simu, na viatu visivyonata ardhini vinatosha. Hatua za mwanzo ni hizi:

Kwanza, sikiliza bila kucheza. Piga makofi ukifuata mapigo hadi mwili uyazoee.

Pili, tembea peke yako juu ya mapigo hayo, mbele na nyuma, kwa hatua fupi. Rumba haihitaji kuruka.

Tatu, shikaneni na mtembee wawili. Badilishaneni wenzi kila baada ya wimbo, ili kila mmoja azoee miili na miendo tofauti.

Nne, msikimbilie sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magita huchangamka na wenzi huachiana. Atakayejua kushikana vizuri ndiye atakayejua kuachiana vizuri.

Mbarara ina kumbi zaidi, lakini nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo. Ni nafuu kikundi kuchanga na kumwalika mwalimu mmoja kuliko watu kumi kusafiri.

Heshima ndiyo kanuni ya kwanza. Mtu huombwa kucheza, na anayekataa haulizwi sababu. Wanandoa wanaweza kucheza wao kwa wao, na wanawake wanaopenda kujifunza wakiwa peke yao watengewe saa yao.

Faida zake

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na dansi ni mojawapo ya njia za kuzifikia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliowafuatilia wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75, ulibaini kuwa waliocheza dansi mara kwa mara hawakupatwa sana na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dansi yenyewe ndiyo kinga.

Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa dansi, hasa baada ya mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda kupunguzwa mwaka 2023. Swali hilo ni la haki, na dansi haijazi chungu. Lakini wazee wanaoikumbuka rumba ya Bukavu na Uvira hawatakuwapo daima, na hatua ambazo hawakumfundisha mtu wataondoka nazo.