Posho ya Sekenke

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sijaacha kazi gazetini kama wengine mlivyozusha, wala sijakamatwa. Nilikuwa Sekenke, nyumbani kwa mama yangu mdogo, nikitafuta jibu la swali moja ambalo limenikosesha raha tangu Februari.

Wengi wenu Sekenke mnaijua kupitia dirisha la basi la Mwanza. Ukitoka Singida mjini unapita Misigiri, kisha barabara inaanza kuteremka, abiria wanaacha kusinzia, na chini unaona nchi imelala tambarare hadi macho yanachoka. Huo ndio mlima Sekenke, na tambarare ile ni Wembere. Kabla ya lami, madereva wa malori waliuogopa mlima huu kuliko trafiki. Chini yake ni Shelui. Unanunua kuku, unanunua asali, basi linaondoka, basi. Hujui kwamba umepita mahali ambapo historia ya dhahabu ya nchi hii ilianzia.

Lakini leo sizungumzii dhahabu. Nazungumzia mpunga. Dhahabu itaingia njiani.

Mwaka juzi mimi na wenzangu tisa ofisini tulibuni mpango. Tumechoka na bei za sokoni Dar, mchele unapita mikono mitano kabla haujafika Kariakoo, na kila mkono unachukua chake. Kwa nini tusichange pesa, tukanunua moja kwa moja kwa mkulima, msimu wa mavuno? Mimi nina ndugu Iramba. Mama mdogo akakubali kutukusanyia: mpunga wake na wa majirani, vitunguu, alizeti kidogo ya kukamua mafuta, na kuku wawili watatu wa kusindikiza. Juni mzigo ukaja. Tulilipa karibu nusu ya bei ya dukani. Tulijisikia wanamapinduzi. Niliandika hata makala ya kujisifu, kwamba tumemkata mlanguzi katikati, mkulima kapata soko, sisi tumepata chakula safi. Aliyeisoma na aisahau.

Februari simu ikaita. "Mwanangu, huku debe la mahindi limepanda mara mbili. Kama una chochote unirushie." Mama mdogo. Yule yule aliyetupa mpunga wake Juni kwa bei ya Juni, sasa ananunua unga kwa bei ya Februari. Nikarusha. Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza: huyu mlanguzi tuliyemkata, kaenda wapi? Na kama hayupo, mbona mambo ni yale yale?

Ndiyo maana nikaanza kusoma, na baadaye nikapanda basi.

Tuanze na Wajerumani. Dhahabu ya Sekenke waliigundua mwaka 1907, na uchimbaji ukaanza 1909. Reli ya kati ilikuwa haijafika hata Tabora, ilifika 1912. Sasa fikiria mgodi porini, umejaa vibarua, mbali na reli, mbali na bandari. Watu hao walikula nini? Hawakula mawe. Walikula posho, na posho hapa ni neno lenye historia ndefu. Sisi waandishi tunapoisikia posho tunafikiria semina na bahasha (msinitazame hivyo), lakini tangu enzi za misafara ya wapagazi posho ilikuwa kipimo cha nafaka anachopewa mtu kwa siku ili aweze kufanya kazi. Nafaka huko ilikuwa mtama na uwele, na mtama na uwele vilikuwa kwenye vihenge vya Wanyiramba na jirani zao Wanyaturu.

Sasa, kwa nini mtu afungue kihenge chake amuuzie mgeni? Watu wa huku hawakuwa wajinga wa biashara. Msomi wa Kimarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, alionyesha jinsi walivyokuwa wakibadilisha nafaka ya ziada kwa mifugo. Mwaka wa neema unageuza mtama kuwa mbuzi, mbuzi kuwa ng'ombe. Mwaka wa njaa unarudi kinyume. Ng'ombe ndiye benki. Kwa hiyo ziada ilikuwa na kazi yake tayari, na mwenye kihenge ndiye aliyechagua lini ikafanye kazi hiyo.

Kilichovunja uchaguzi huo kilikuwa kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898. Mwanzoni walipokea hata mazao, lakini baadaye walitaka rupia. Na rupia hazioti shambani. Unazipata kwa njia mbili: unaenda kuwa kibarua, au unauza chakula kwa mwenye vibarua. Soma tena sentensi hiyo. Mgodi, kodi na kihenge vilifungwa kamba moja, na anayevuta kamba hakuwa mkulima.

Kisha vita. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibwa baharini na fedha zimewaishia, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka Tabora, na katika karakana ya reli wakagonga sarafu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja. Zilikuwa 16,198. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanagombania tembo yule kwenye minada kwa maelfu ya dola. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora na mchezo ukaisha.

Tembo ana makumbusho yake. Mtama hauna. Majeshi yote mawili yalikula nchi hii ya kati yalipokuwa yakipita: yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua vijana kuwa wapagazi. Kwa majirani zetu wa Ugogo ikafuata njaa kubwa ambayo wazee wanaiita Mtunya, na waliokufa walikuwa wengi mno. Mvua ilikosekana, ndiyo, lakini mvua ilikuwa imekosekana mara nyingi kabla ya hapo. Mara hii kihenge kilikuwa kitupu na benki ya ng'ombe imeporwa. Ukiiweka dhahabu ya sarafu zile mkono mmoja na hiyo habari mkono wa pili, utaona kwa nini sina hamu ya kuzisifia sana.

Waingereza nitawapita haraka. Mgodi uliendelea chini yao, kodi iliendelea. Miaka ya 1930 walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kisha miaka ya 1940 wakaing'oa. Waliona haina mizigo ya kutosha. Mkulima wa Iramba aliyekuwa ameanza kuzoea treni akarudi kwa punda.

Hapa ndipo mama mdogo alipochukua usukani wa mazungumzo, kwa sababu sehemu inayofuata aliiishi. Tulikuwa tumekaa nje, anapepeta choroko, mimi na daftari langu kama niko kwenye mkutano wa hadhara.

Baada ya uhuru serikali ilitaka kumwondoa mchuuzi wa kati. Wazo zuri tu. Ndilo wazo langu mimi na wenzangu tisa! Mwaka 1963 ikaundwa bodi ya mazao, halafu likaja Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ambalo kuanzia 1973 lilipewa kununua nafaka kuu zote. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, kijiji kikawa kinauza moja kwa moja kwa shirika. Mnunuzi mmoja, bei moja, inayotangazwa kutoka juu. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, mikoa mikavu kama yetu ikahimizwa kulima mtama na uwele. Ikalima. NMC ikanunua. Halafu mtama ukalala maghalani, kwa sababu sisi watu wa mjini tulishazoea sembe na hatukutaka ugali mweusi. Hilo huwa hatulisemi tunapolaumu serikali ya zamani.

"Na kama hutaki kuwauzia?" nikamuuliza.

Akacheka. "Unapeleka wapi? Geti liko pale."

Geti. Kwa miaka mingi mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali. Kilo 30! Mkulima mwenye magunia kumi ndani na dada yake ana njaa Tabora, anapanda basi na kifurushi kama mgonjwa anayekwenda hospitali. Mama mdogo alikuwa msichana. Anakumbuka wanawake watatu wakigawana gunia moja, kila mmoja na fungu lake, wakikaa viti tofauti na kujifanya hawajuani. Anamkumbuka mmoja aliyefunga uwele tumboni chini ya kanga, na askari akamwachia kiti kwa heshima ya ujauzito. Alipofika kwenye sehemu hiyo aliacha kupepeta kabisa, machozi ya kicheko yakimtoka. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na hapo hakuna aliyecheka. Watu walifukia vitu ardhini.

Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi 500, na 1987 kizuizi kikaondolewa. Geti lenyewe lilibaki kwa ajili ya ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ndipo serikali ilipotangaza kwamba mwenye mzigo usiozidi tani moja asitozwe ushuru huo anapovuka wilaya. Kilo 30, kilo 500, tani moja. Mtu akiniomba historia fupi ya uhuru wa mkulima wa Tanzania nitampa namba hizo tatu, ajisomee.

Baada ya geti kulegea, mnada ukachukua nafasi yake. Nilikwenda naye. Kama hujawahi kuona mnada wa huku: unazunguka, kila kijiji kina tarehe yake ya mwezi, asubuhi hakuna kitu na saa nne ni mji. Ng'ombe upande mmoja, mitumba upande wa pili, wachoma nyama katikati, na chini kwenye turubai chakula cha msimu. Huhitaji kalenda. Ukiona maboga mabichi na mahindi ya kuchoma, ni Machi. Ukiona mpunga mpya na karanga zina udongo, ni Juni. Baada ya hapo vinatawala vitu vikavu: mlenda wa unga, michembe ya viazi, dengu za kwenye mbuga za Wembere ambazo huota kwa unyevu uliobaki baada ya mvua.

Niliangalia mikono. Muuzaji anapouza kwa debe kwa mwenzake wa kijijini, anajaza na kufanya kichuguu kidogo juu, hiyo ni adabu. Mnunuzi wa lori akija, kichuguu kinageuka mlima, na gunia la vitunguu linashonewa kilemba juu. Lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na kila mtu anaiona. Lakini mama mdogo alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Lumbesa inauma, alisema, ila kinachoumiza zaidi ni mwezi. Mwenye lori anakuja Juni kwa sababu anajua Juni ndipo deni la trekta linadaiwa, ndipo michango ya shule inatakiwa, ndipo uliyekopa kwake Januari anakuja na daftari. Zamani alikuja mtoza kodi wakati huo huo.

"Na nyinyi mlikuja Juni," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma hesabu.

Nilirudi Dar na pendekezo. Tununue nusu Juni kwa bei ya Juni, imsaidie kulipa madeni. Nusu nyingine ibaki kwake, kwenye mifuko isiyopitisha hewa ambayo tutainunua sisi, na tuichukue Januari kwa bei ya Januari, akiwa ametoa kwanza ya kwake ya kula. Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja akauliza sasa faida yetu iko wapi, kwa nini asiende tu dukani. Swali la haki, sikuwa na jibu zuri. Watatu wamejitoa. Tumebaki saba.

Juni mzigo ulikuja, mdogo kuliko wa mwanzo, na ndani ya gunia mama mdogo alitia mfuko wa mlenda mkavu ambao hatukuuagiza. Jana nimempigia. Shikamoo, marahaba, wazima, wazima. Nikamuuliza Januari anatarajia kutuuzia kwa bei gani ili tuanze kuchanga.

"Subiri Januari," akasema, na akakata simu.