VAR: mwamuzi wa video na namna ya kumtaja kwa Kiswahili

VAR ni kifupi cha Kiingereza (video assistant referee) kinachomtaja mwamuzi wa soka ambaye hufuatilia mechi kwenye skrini, akiwa chumbani, na kumshauri mwamuzi wa kati pale anapoona kosa kubwa limefanyika. Kifupi hicho kinataja mtu. Sheria za soka zinamhesabu miongoni mwa maofisa wa mechi, pamoja na washika vibendera na mwamuzi wa akiba, naye ana majukumu yake na mipaka yake.

Katika Kiswahili cha kila siku, VAR imekuwa kitu. Kwenye vibanda umiza vya kutazamia mpira vya Kinyerezi, Tabata na Temeke, jijini Dar es Salaam, mshabiki husema “refa kaenda kuangalia VAR”, akimaanisha ile runinga iliyosimamishwa kando ya uwanja. Husema pia “VAR imekataa goli”, wala si “VAR amekataa goli”. Upatanisho huo wa sarufi unaonyesha jinsi neno lilivyopokelewa: limeingia kwenye ngeli ya mashine na mifumo, likakaa na redio, kamera na kompyuta. Kutokana na hapo huzaliwa lalamiko linalosikika karibu kila mashindano makubwa yanapofanyika, kwamba “VAR haikutumika”. Mara nyingi kauli hiyo si sahihi, na kinachoipotosha ni lugha zaidi ya macho ya mlalamikaji.

IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, iliruhusu majaribio ya utaratibu huu mwaka 2016, ikauingiza rasmi kwenye sheria Machi 2018, na Kombe la Dunia la Urusi la mwaka huo likawa la kwanza kuutumia. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, ulianza Misri mwaka 2019, lakini kuanzia robo fainali tu. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, waliorejea kwenye mashindano hayo baada ya miaka 39, walitolewa hatua ya makundi, kwa hiyo hawakuuonja. AFCON ya Kameruni, iliyochezwa Januari na Februari 2022, ndiyo ya kwanza kuwa na waamuzi wa video katika mechi zote 52.

Mashindano hayo ya Kameruni yalitoa mabao 100 tu, yaani chini ya mawili kwa mechi. Yale ya Misri yalikuwa na 102 kwa idadi ileile ya mechi. Ukilinganisha, Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar lilikuwa na mabao 172 katika mechi 64, wastani wa 2.69. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayejadili uamuzi. Timu inayoongoza 4-2 inaweza kunyimwa penalti na bado ikaondoka na ushindi. Timu iliyo nyuma 1-0 dakika ya 90 haina akiba ya namna hiyo. Mabao yakiwa adimu, kila uamuzi wa ndani ya eneo la hatari unabeba mechi nzima mgongoni.

Tanzania inalijua hilo vizuri. Katika AFCON ya 2025 nchini Moroko, Taifa Stars walicheza mechi nne, na hakuna hata moja iliyoamuliwa kwa tofauti ya zaidi ya bao moja: walifungwa 2-1 na Nijeria, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia, kisha wakafungwa 1-0 na wenyeji katika 16 bora. Mechi ya Uganda peke yake ilikuwa na penalti mbili. Simon Msuva alifunga yake, na Allan Okello wa Uganda akakosa ya kwake dakika za majeruhi. Ingeingia ile, matokeo mengine yakabaki yalivyokuwa, Tanzania ingemaliza kundi na pointi moja na isingevuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 22 Agosti 2025, Moroko hiyohiyo iliitoa Tanzania kwenye robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa bao moja, tena Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke.

Sheria ilipoandikwa mwaka 2018 ilimpa mwamuzi wa video mambo manne ya kushughulikia: bao au si bao, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Kila tukio linaloangukia humo hukaguliwa, iwe mwamuzi wa kati ameomba au hajaomba. Ukaguzi huu hufanyika kimya, mchezo ukiendelea au mpira ukisubiri kurushwa, na watazamaji wengi hawajui kwamba umefanyika. Ishara pekee inaweza kuwa mwamuzi aliyegusa kifaa cha sikioni na kunyoosha mkono mwingine kuwazuia wachezaji wasianze.

Ukaguzi ni jambo moja, na mapitio ni jambo jingine. Mapitio huja pale tu ukaguzi unapoonyesha kosa la wazi na dhahiri, au tukio zito ambalo mwamuzi hakuliona kabisa. Ndipo mwamuzi huchora mstatili hewani kwa vidole, ishara ya runinga. Mapitio yenyewe yana njia mbili. Kwa mambo ya tafsiri, kama vile ukali wa rafu au mkono uliogusa mpira, mwamuzi hukimbilia skrini ya kando ya uwanja ajionee mwenyewe. Kwa mambo yanayopimika, kama vile mchezaji kuotea au rafu kufanyika ndani au nje ya eneo la hatari, neno la chumbani linatosha na hakuna haja ya kukimbia popote. Katika njia zote mbili uamuzi wa mwisho ni wa mwamuzi wa kati. Mchezaji anayeng’ang’ania kuchora mstatili ule kudai mapitio hustahili kadi ya njano.

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 ulionyesha gharama ya kutotenganisha mambo haya. Yanga, klabu ya Dar es Salaam, walikuwa Pretoria, Uwanja wa Loftus Versfeld, wakirudiana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Dar es Salaam tarehe 30 Machi, ilikuwa suluhu. Ya pili nayo ilikuwa 0-0 pale Stephane Aziz Ki alipoachia shuti kipindi cha pili. Mpira uligonga mwamba wa juu, ukadunda chini karibu na mstari wa goli, ukarudi uwanjani. Mwamuzi kutoka Mauritania, Dahane Beida, hakutoa bao wala hakukimbilia skrini. Mechi iliisha bila bao, Sundowns wakashinda 3-2 kwa mikwaju ya penalti, na Yanga wakapeleka malalamiko CAF, shirikisho la soka la Afrika. Katika dakika 180 mpira mmoja tu ndio ungeweza kuitwa bao.

Sheria ya 10 inasema bao ni halali mpira mzima ukishavuka mstari wa goli, kati ya milingoti na chini ya mwamba. Neno zito hapo ni “mzima”. Mpira ulioegemea mstari kwa unene wa kidole haujavuka, hata kama sehemu yake kubwa iko ndani. Kiswahili cha utangazaji husema “mpira umeingia”, na kitenzi hicho hakibebi kipimo: mtu anaweza kuingia mlangoni huku mguu mmoja ukiwa nje. “Umevuka mstari wote” ni kauli ndefu kidogo, lakini inaeleza kile ambacho mwamuzi anatakiwa kukihakikisha.

Swali la Pretoria lilikuwa la kipimo. Refa kutokwenda kwenye skrini, jambo lililowakera wengi waliokuwa wakitazama Dar es Salaam, hakukuwa ushahidi wa lolote. Aliyepaswa kulitazama tukio ni mwamuzi wa video, na utaratibu ulimruhusu kulimaliza akiwa chumbani. Ugumu ulikuwa kwenye picha. Mashindano yale hayakuwa na teknolojia ya mstari wa goli, ile ya kamera maalumu zinazopiga hesabu na kuitetemesha saa ya mwamuzi mpira ukivuka. Mwamuzi wa video alibaki na kamera za matangazo, na kamera isiyokaa sambamba na mstari hudanganya: mpira ulio hewani, au uliopigwa picha kutoka pembeni, huonekana uko ndani zaidi au nje zaidi ya ulipo. Kudai teknolojia ya mstari wa goli katika hatua kama ile ni dai la haki kabisa, na lingekuwa na nguvu zaidi lingesemwa kwa jina lake. Likisemwa kama “VAR haikutumika”, anayejibu hupata mlango rahisi wa kutokea: ilitumika.

Hali ni tofauti katika tukio la Rabat la tarehe 4 Januari 2026, katika ile mechi ya 16 bora dhidi ya Moroko. Tanzania ilikuwa nyuma kwa bao la Brahim Díaz, na dakika za majeruhi zilikuwa zimeanza, Iddi Selemani “Nado” alipoanguka ndani ya eneo la hatari akikabwa na beki Adam Masina. Mwamuzi aliacha mchezo uendelee na hakuitwa kwenye skrini. Hili ni jambo la tafsiri, na hapa ndipo maneno “wazi na dhahiri” yanapouma. Mwamuzi wa video haulizwi kama yeye angetoa penalti. Anaulizwa kama kutoitoa ni kosa ambalo karibu kila mwamuzi angekubali kuwa ni kosa. Kuna migongano ambayo uwanjani ikipewa penalti haifutwi, na isipopewa hairudishwi. Anayeamini Nado alisukumwa ana hoja, na hoja hiyo inapaswa kuelekezwa kwenye kizingiti hicho: kama kimewekwa juu mno, hasa kwa mechi ambayo bao moja linamaliza safari ya taifa.

Iko mechi ambayo kauli ya mshabiki ilikuwa sahihi neno kwa neno. Katika fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mjini Radès nchini Tunisia, tarehe 31 Mei 2019, Wydad ya Casablanca ilikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Espérance baada ya sare ya 1-1 katika mechi ya kwanza. Bao la Wydad la kusawazisha lilikataliwa kwa kuotea. Wakadai mapitio, wakaambiwa mitambo haifanyi kazi, wakagoma kuendelea. Baada ya kusubiri zaidi ya saa moja mchezo ulivunjwa, na kombe likaishia kwa Espérance baada ya mvutano uliofika hadi mahakama ya michezo. Usiku ule mwamuzi wa video hakuwa na macho.

Mitambo kufa, picha kutotosha, kosa kutofikia kizingiti: hizi ni hali tatu, na kila moja ina mtu wake wa kuulizwa. Ya kwanza ni ya waandaaji na mafundi. Ya pili ni ya wenye mashindano, wanaoamua kununua au kutonunua teknolojia. Ya tatu ni ya waamuzi wenyewe na wanaowafundisha. Istilahi inayofaa ni ile inayomwezesha msemaji kuzitenganisha.

Tafsiri inayotumika zaidi kwenye magazeti ni “mwamuzi msaidizi wa video”. Ubora wake ni kwamba inamrudisha mtu mahali pake. Kasoro yake ni kwamba “mwamuzi msaidizi” ana mwenyewe tayari: ni mshika kibendera, aliyepewa cheo hicho kwenye sheria mwaka 1996, na ripoti za mechi humwandika mwamuzi msaidizi namba moja au namba mbili. Kasoro hukua anapotajwa yule anayeketi chumbani kando ya VAR kumsaidia. Kwa kufuata tafsiri hiyo atakuwa “mwamuzi msaidizi wa mwamuzi msaidizi wa video”, jina ambalo hakuna mtangazaji atakayelimaliza kabla mpira haujarushwa. Tafsiri nyingine, “teknolojia ya usaidizi wa video”, hutamkika vizuri lakini inamfuta mtu na kubakiza mashine, yaani inarudia tatizo lilelile.

“Mwamuzi wa video” inatosha. Ni fupi, inakaa kwenye mfululizo mmoja na mwamuzi wa kati na mwamuzi wa akiba, na inazaa kwa urahisi: msaidizi wa mwamuzi wa video, chumba cha waamuzi wa video, skrini ya mapitio. Neno “msaidizi” likiachwa hapotei mtu wala kazi yake, kwa sababu kila mwamuzi asiye wa kati ni msaidizi wake kisheria. VAR yenyewe inaweza kuendelea kuandikwa palipo na nafasi finyu, kama kwenye vichwa vya habari, lakini ipewe upatanisho wa mtu: VAR amekagua, VAR amemwita mwamuzi. Kwa kazi zake mbili, “ukaguzi” libaki la kile kinachofanyika kimya kwa kila tukio, na “mapitio” la kile kinachotangazwa kwa mstatili wa vidole. “Marudio” ni ya runinga. Ni picha anazoonyeshwa mtazamaji, na mara nyingi ni chache kuliko zile za chumbani.

Haja ya maneno haya inakaribia nyumbani. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027 kwa pamoja. Tangu mwaka 2023, FIFA imekuwa na utaratibu wa mwamuzi kutangaza kwa kipaza sauti uamuzi anaoutoa baada ya mapitio, na uwanjani tangazo hilo hupita kwa sekunde chache. Mtangazaji wa Kiswahili atakayekuwa kwenye kibanda cha Mkapa, au cha Kasarani jijini Nairobi, atahitaji sentensi zilizo tayari mdomoni: mwamuzi wa video amekagua, hakuna kosa la wazi, mwamuzi wa kati anakwenda kwenye skrini kwa mapitio, mpira haukuvuka mstari wote, mitambo ya waamuzi wa video haifanyi kazi, uamuzi wa uwanjani unabaki.